Shajara ya mradi: wiki ya kunyoosha bildi ya programu ya maziwa

Jumatatu

Saa moja na nusu asubuhi karani wa kituo kimoja cha maziwa huko Kiruhura alinipigia simu. Mikebe ilikuwa imeshapanga foleni, laktomita anayo mkononi, na risiti ya kwanza ilikuwa imetoka kwenye kiprinta ikiwa imeandikwa `risiti.jumla.lita` mahali panapotakiwa kuwa na maneno "Jumla ya lita". Chini yake `risiti.bei`, kisha tarakimu. "Kaka, mzee wa watu amesimama hapa, anataka kuona lita zake," akaniambia. Nikamwomba aandike kwa mkono kwenye daftari asubuhi ile, nikamwahidi kwamba maziwa ya jioni yatapimwa kwa programu iliyo sawa.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuujua mradi: tunatengeneza programu ya simu kwa ajili ya vituo vya kukusanyia maziwa vya chama kimoja cha ushirika upande wa Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda. Mfugaji analeta maziwa, karani anapima, simu inatuma kumbukumbu kwenye seva, na kiprinta kidogo kinatoa risiti. Lugha ni nne: Runyankole, Luganda, Kiswahili na Kiingereza. Madereva wa malori yanayopeleka maziwa mpaka Busia na ng'ambo ya mpaka husoma hati zao kwa Kiswahili. Hapa ofisini Bukoto nacho ndicho tunachofanyia kazi, maana mmoja wetu ametoka Arua, mwingine Mwanza, na mimi nimekulia Bombo.

Msimbo uko katika moduli, yaani sehemu, tatu: `simu`, `seva` na `risiti`. Zote zinabildiwa, yaani zinageuzwa kutoka msimbo kuwa kifurushi kinachoweza kuendeshwa, na programu iitwayo Gradle, toleo la 6.9. Ili tusiandike mambo yaleyale mara tatu, tuna skripti moja ya pamoja, `pamoja.gradle`, ambayo kila moduli inaivuta kwa `apply from`. Humo ndimo zilimo kazi (Gradle huita hivyo kila hatua ya bildi yenye jina lake) za kugeuza jedwali la tafsiri, `lugha.csv`, kuwa mafaili ya lugha, na kuyaingiza kwenye kifurushi cha mwisho.

Nilibildi kwenye kompyuta yangu, risiti ikatoka safi. Dada wa Arua akabildi kwake, safi vilevile. Mashine ya kujengea, ile kompyuta ya mezani inayotoa vifurushi vya kusambaza, ikatoa kifurushi kisicho na faili hata moja la lugha. Msimbo ni uleule, hadi herufi ya mwisho. Na bildi haikulalamika popote: iliisha ikitangaza mafanikio. Hilo ndilo lililonitia hofu. Bildi inayoanguka inakuonyesha ilipoangukia. Hii ilifika mwisho ikiwa imebeba kifurushi kitupu, tukakisambaza kwa watu.

Saa tano nikarudisha vituo vyote kwenye toleo la wiki iliyopita. Jioni karani akanitumia ujumbe kwamba risiti zinasomeka.

Kabla hatujafunga ofisi, dada wa Arua akasema jambo ambalo nimelilala nalo kichwani: tangu Ijumaa, kila neno jipya analoongeza kwenye jedwali halionekani kwenye simu mpaka abildi mara ya pili. Alidhani ni kompyuta yake imechoka.

Jumanne

Ijumaa nilibadilisha jina la kazi moja. Ilikuwa ikiitwa `andaaLugha`, nikaiita `tafsiri`, kwa sababu ndicho inachofanya. Nilibadilisha kila mahali ilipotajwa, nikajaribu, ikaenda. Sikuona sababu ya kuiwazia tena.

Leo asubuhi, baada ya maneno ya jana, niliiomba Gradle inionyeshe mpangilio wake bila kufanya kazi yoyote. Amri ni `./gradlew :simu:paketi --dry-run`, nayo ikajibu:

    :simu:nakiliMaandishi SKIPPED
    :simu:tafsiri SKIPPED
    :simu:paketi SKIPPED

SKIPPED ni kusema tu kwamba haikutekelezwa, na `paketi` ndiyo kazi inayofunga kifurushi cha mwisho. Nilikaa nikiitazama mistari hiyo mitatu. Kunakili kunatangulia, kutafsiri kunafuata. Yaani tunakusanya mafaili ya lugha kabla hayajatengenezwa. Nikafungua skripti ya pamoja, mstari wenyewe ukawa huu:

    paketi.dependsOn tafsiri, nakiliMaandishi

Sote watatu tulikuwa tukiusoma mstari huo kama maagizo ya zamu: anza na hii, kisha ile. Gradle haiusomi hivyo. Inachoelewa ni kwamba `paketi` inahitaji hizo mbili ziwe zimekwisha. Ipi itangulie kati yao, mstari haujasema, na Gradle haina ahadi yoyote juu ya hilo. Kwa kuwa lazima ichague, huzipanga kwa alfabeti. Zamani `andaaLugha` ilianza na A, ikaitangulia `nakiliMaandishi` yenye N. Tangu Ijumaa inaanza na T.

Ili nisijidanganye, niliibadilisha jina kuwa `aTafsiri` kwenye tawi la majaribio. Ikarudi mbele. Nikaiita `zTafsiri`, ikaenda nyuma. Miezi yote hiyo programu yetu ilikuwa ikisimama juu ya herufi ya kwanza ya jina.

Sasa kila dalili ikapata mahali pake. Kwenye kompyuta zetu folda ya `build/lugha` ilikuwa imebaki kutoka bildi za nyuma, kwa hiyo kunakili kulikuta mafaili ya jana na kuyachukua. Ndiyo maana neno jipya lilionekana bildi ya pili: bildi ya kwanza inanakili ya zamani kisha inatafsiri mapya, ya pili ndiyo inayoyanakili hayo mapya. Mashine ya kujengea huanza kila mara na folda tupu. Haikukuta kitu, na kazi ya kunakili isiyokuta kitu katika chanzo kimoja huendelea na vyanzo vingine bila kusema lolote.

Kaka wa Mwanza akapendekeza dawa ya haraka: `nakiliMaandishi.mustRunAfter tafsiri`. Tulibishana nusu saa, na naandika hoja zangu hapa kwa sababu najua swali hili litarudi. `mustRunAfter` hupanga zamu pale tu ambapo kazi zote mbili zimo kwenye orodha ya siku hiyo. Mtu akiita `nakiliMaandishi` peke yake, `tafsiri` haitaitwa kabisa, na tutakuwa tumerudi palepale. `dependsOn` ni bora, kwa kuwa inaivuta kazi inayohitajika hata kama hakuna aliyeitaja. Lakini bado kuna mambo mawili yanayoandikwa kando kwa kando, utegemezi mahali pamoja na njia ya folda mahali pengine, na siku mtu akibadilisha folda bila kugusa utegemezi, vitaachana.

Tulichokubaliana ni hiki. Kazi ya `tafsiri` inatangaza inachosoma na inachotoa:

    inputs.file jedwali
    outputs.dir "$buildDir/lugha"

Na kunakili hakutaji folda tena. Kunataja kazi:

    from tafsiri

Basi. Gradle inajua yenyewe kwamba matokeo ya `tafsiri` ndiyo yanayonakiliwa, na kwamba lazima yawe tayari. Folda ikihama, utegemezi unahama nayo.

Jioni nilimsimulia kaka wa Mwanza habari ya Stuart Feldman, aliyeandika Make, programu ya kubildi iliyotangulia hizi zetu, kule Bell Labs mwaka 1976. Inasemekana chanzo chake kilikuwa mwenzake aliyepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo alikuwa ameshaisahihisha. Sahihisho halikuwa limekompailiwa, alikuwa akiendesha kitu cha zamani. Karibu miaka 50 imepita, na dada wa Arua alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa uleule hapa Bukoto.

Jambo moja la vitendo kabla sijasahau. Ukitaka kujaribu bildi kama mashine mpya, usifute folda ya `.gradle` iliyo nyumbani kwako. Humo ndimo yalimo maktaba yote, yaani msimbo wa watu wengine tunaoutumia, yaliyokwisha kupakuliwa, na kuyavuta upya ni kuchoma bando. Tangu Julai 2021 kila bando hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Nakili msimbo kwa `git clone` kwenye folda mpya, ubildi humo. Folda za `build` zitakuwa tupu, maktaba zitabaki zilipo.

Jumatano

Nilitarajia leo tufunge jambo. Kifurushi kutoka mashine ya kujengea sasa kina mafaili yote. Kabla ya kukituma nilichapisha risiti moja hapa ofisini na kuilinganisha na kioo cha simu. Kioo kinasema "Makato ya usafiri". Karatasi inasema "Makato ya gari". Neno hilo la pili tuliliacha zamani, baada ya wafugaji kulalamika kwamba wanadhani wanalipia gari la mtu.

Ndani ya `pamoja.gradle` jedwali lilikuwa limeandikwa `file('lugha.csv')`. Ukiisoma ukiwa umeifungua skripti hiyo, unaona faili lililo kando yake, kwenye mzizi wa mradi. Sivyo. Njia fupi kama hiyo ndani ya skripti ya pamoja haihesabiwi kutoka pale skripti ilipo, inahesabiwa kutoka kwenye moduli iliyoivuta. Kwa hiyo mstari mmoja ulikuwa na maana tatu: `simu/lugha.csv`, `risiti/lugha.csv` na `seva/lugha.csv`. Ya kwanza ndiyo tunayoihariri. Ya pili ni nakala iliyosahaulika tangu tulipogawa moduli. Ya tatu haipo kabisa.

Na hiyo isiyopo mbona haikuangusha bildi? Kwa sababu mmoja wetu, na historia ya msimbo inaonyesha kuwa ni mimi, alizungushia kazi ile `if (jedwali.exists())`, yaani ifanyike tu kama jedwali lipo. Nakumbuka nia yangu: `seva` ilikuwa ikianguka, nikataka iende. Ikaenda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeiondoa `if` hiyo leo. Jedwali lisipokuwepo, bildi isimame na iseme jedwali halipo.

Sasa imeandikwa `rootProject.file('lugha/lugha.csv')`, jedwali ni moja, nakala zimefutwa. Nilipitia skripti nzima nikitafuta kila `file(` na kila njia isiyoanza na mzizi. Nilikuta nyingine nne, mbili kati yake zikiwa salama kwa kuwa kweli zilikusudia folda ya moduli. Hizo nimeziandika `project.file(...)`, ingawa maana ni ileile, ili atakayesoma ajue kwamba ilikusudiwa.

Alhamisi

Stima ilikatika saa nne. Laptopu zina betri, kwa hiyo tuliendelea, ila ruta ilizima. Nikaandika `./gradlew clean`, amri ambayo kazi yake ni kufuta folda tu. Ikakwama muda mrefu, kisha ikaanguka ikisema haiifikii seva.

Kwa nini kufuta folda kuhitaji intaneti? Nikajaribu `./gradlew tasks`, inayoorodhesha kazi zilizopo. Ikaanguka vilevile. Nikajaribu `--offline`, bado, kwa sababu chaguo hilo linaizuia Gradle kutafuta maktaba mtandaoni, haliuzuii msimbo tulioandika wenyewe.

Kazi inaitwa `vutaVituo`. Inachukua kwenye seva yetu orodha ya vituo vya maziwa na kuihifadhi ndani ya programu, ili simu ya karani isiyo na mtandao ijue iko kituo gani. Ilikuwa imeandikwa hivi, nimefupisha:

    task vutaVituo {
        def orodha = new URL(anwani).text
        file("$buildDir/vituo.json").text = orodha
    }

Hapa ndipo wengi huumia, na inafaa kuelezwa polepole. Gradle ina hatua mbili zinazotuhusu. Kwanza inasoma skripti zote na kuzifahamu kazi zote, hata zile ambazo leo hazitatumika. Kisha inazitekeleza zile ulizoomba pamoja na zinazozitegemea. Chochote kilichoandikwa moja kwa moja ndani ya mabano ya kazi hufanyika hatua ya kwanza, wakati wa kusoma. Kinachotakiwa kufanyika wakati wa kutekeleza lazima kiwe ndani ya `doLast` au `doFirst`. Sisi hatukuwa na `doLast`. Kwa hiyo kila amri, iwe ya kufuta, ya kuorodhesha au ya kupima, ilikwenda kuvuta orodha ya vituo. Na kwa kuwa skripti ni ya pamoja, ilikwenda mara tatu, kila moduli kwa zamu yake.

Faili lenyewe ni dogo. Gharama haikuwa data, ilikuwa muda, na ilikuwa kwamba bila mtandao hatukuweza kufanya lolote. Nikikumbuka siku ambazo tulikaa tukingoja mtandao urudi ili tuendeshe majaribio ambayo hayauhitaji, naumia kwa ajili ya muda ule.

Marekebisho yamechukua dakika kumi. `doLast` imewekwa, matokeo yametangazwa kwa `outputs.file`, na kazi yenyewe imetolewa kwenye skripti ya pamoja ikapelekwa `simu`, ambako ndiko inakotumika. Kaka wa Mwanza alitaka tubadilishe pia `task` kuwa `tasks.register`, ili Gradle isiisome kazi mpaka ihitajike. Tumefanya hivyo kote. Lakini nimemwomba aandike kwenye maelezo kwamba tiba ilikuwa `doLast`. `Register` peke yake ingelificha kosa mpaka siku mtu atakapoiita kazi hiyo.

Saa saba stima ikarudi. Tulikwenda kula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa mama wa pale kona, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya ni nini kingine skripti ile inafanya bila sisi kujua.

Ijumaa

Jibu lilikuja asubuhi. Mara mojamoja ukurasa wa seva huonyesha nambari ya toleo ikiwa tupu. Tulikuwa tumelizoea. Leo nimeliona kwa macho: kila moduli ina kazi ya `andikaToleo`, zote zinaandika kwenye faili moja, `build/toleo.txt` la mzizi. Kwenye laptopu zetu moduli hujengwa moja baada ya nyingine. Mashine ya kujengea ina `org.gradle.parallel=true`, kwa hiyo kazi za moduli tofauti huenda sambamba, na moja ikilifungua faili kuandika wakati nyingine inalisoma, msomaji anakuta utupu. Sasa kazi hiyo ni moja tu, iko kwenye mzizi, na moduli tatu zinaitegemea.

Nimewasha usambamba kwenye laptopu zote pia. Kama kuna utegemezi mwingine ambao haujatamkwa, afadhali unisumbue mimi hapa kuliko karani wa Kiruhura.

Mchana tukaamua lile tulilokuwa tukiliahirisha. `pamoja.gradle` inavunjwa. Kutafsiri kunahamia kwenye moduli yake, `lugha`, inayotoa mafaili mara moja tu. Nyingine zinaitaja kama zinavyotaja maktaba yoyote, kwa `project(':lugha')`. Kilichobaki, kama mipangilio ya Java na ya majaribio, kinakwenda `buildSrc`, folda maalumu ya Gradle ya kuwekea msimbo wa bildi, kama plagini (kiongezeo cha Gradle) iliyoandikwa kwa skripti, jambo ambalo kwa Groovy, lugha tunayoandikia skripti hizi, limewezekana tangu Gradle 6.4. Faida ni kwamba moduli itaivuta kwa jina badala ya njia ya faili. Hasara tunaijua: kwa toleo tunalotumia, ukigusa mstari mmoja ndani ya `buildSrc`, kila kitu kinajengwa upya. Dada wa Arua hakufurahia hilo, laptopu yake ndiyo yenye kumbukumbu ndogo kuliko zetu. Tumekubaliana kwamba kinachobadilika kila wiki hakiwekwi humo.

Jumatatu

Tumepanda kwenda Gradle 7.6, pamoja na plagini ya Android na Java 11 inayoihitaji. Kifurushi cha Gradle peke yake ni zaidi ya megabaiti 100, kwa hiyo nilikipakua kwenye kompyuta moja na kuwapelekea wenzangu folda ya `.gradle/wrapper/dists` kwa flashi.

Sababu ya kupanda ni moja. Kuanzia toleo la 7, Gradle hukagua yenyewe: kazi ikisoma folda inayotengenezwa na kazi nyingine bila kutamka kwamba inaitegemea, inatoa onyo na kuzitaja zote mbili kwa majina. Toleo la 8 linaligeuza onyo hilo kuwa kosa linalosimamisha bildi. Kama tungekuwa huko siku ile nilipobadilisha jina, na `tafsiri` iwe imeshatangaza inachotoa, ningeambiwa palepale.

Bildi ya kwanza kwenye 7.6 imetoa maonyo matatu. Moja lilikuwa la `seva`, iliyokuwa ikichungulia `simu/build/kifurushi` kuchukua nembo ya chama. Hakuna aliyekumbuka kwamba inafanya hivyo. Nembo nimeihamishia mahali pa wote, onyo limekwisha.

Saa tisa tulituma toleo jipya kwa kituo kimoja tu, kile cha Kiruhura. Saa kumi na mbili kasoro karani akanitumia picha: risiti juu ya mfuniko wa mkebe, bado imejikunja kutoka kwenye kiprinta. "Jumla ya lita" pameandikwa, "Makato ya usafiri" pameandikwa, nambari ya toleo iko chini. Kesho asubuhi tunavipelekea vituo vingine.

Maonyo mawili yaliyobaki yote ni ya `risiti`, na yote yanahusu majaribio yanayosoma mafaili ya fonti. Naanza nayo saa mbili.